Injini haipati joto baada ya sevisi: barabarani haipiti nyuzi 60

NjiaYaMau (Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa kutafuta kasoro. Pikipiki ni Yamaha MT-07, imetembea kilomita 41,000. Wiki mbili zilizopita ilifanyiwa sevisi kamili: oili na filta, plagi zote mbili, kulanti (maji ya kupoza injini) yote ikamwagwa ikatiwa mpya, na mpira wa juu wa rejeta ukabadilishwa kwa sababu ulikuwa umeanza kupasuka karibu na klempu. Kikombe cha themostati (valvu inayoruhusu au kuzuia maji kwenda kwenye rejeta) nacho kilifunguliwa, kikasafishwa, kikafungwa.

Kabla ya hapo, barabarani ilikuwa inakaa kwenye nyuzi 80 na kitu bila kuyumba sana. Sasa asubuhi nikitoka Lanet natembea kilomita nne au tano kabla ya ile "Lo" kuondoka kwenye dashibodi, na hiyo "Lo" huondoka injini ikifika nyuzi 40 tu. Nikiingia barabara kuu inakaa kati ya 57 na 62. Lita moja ya petroli ilikuwa inanipeleka kilomita 23, sasa ni 18. Bomba la moshi lina harufu ya petroli mbichi, hasa dakika kumi za mwanzo.

Fundi anasema Nakuru kuna baridi na injini baridi ndiyo injini yenye afya. Sijaridhika na jibu hilo, maana baridi ya Nakuru ilikuwepo hata kabla ya sevisi. Nianzie wapi?

---

SpanaKondele (Kisumu)

Ndugu, umefanya vizuri kutoridhika. Hali ya hewa haishushi injini ya maji kutoka 82 hadi 60. Themostati iko pale kwa kazi hiyo hiyo: hewa ikiwa baridi inafunga maji yasiende kwenye rejeta, na injini inabaki na joto lake. Ikiwa nzima, utapita kwenye baridi ya Timboroa alfajiri na injini itashika 80 yake.

Kabla hujafungua bolti hata moja, amua jambo hili kwanza: je, injini ni baridi kweli, au ni dashibodi inayosema uongo? Usilirukie. Kama injini ni baridi kweli, unapoteza petroli na unaila injini polepole. Lakini kama dashibodi inasoma chini huku injini iko moto, unaweza kuunguza gasketi ya hedi leo jioni ukipanda mlima, na kioo kinakuonyesha 60 wakati wote huo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, injini ikiwa baridi kabisa (iache ilale usiku), fungua kifuniko cha rejeta uangalie maji. Lazima yafike shingoni. Usitazame tangi dogo la akiba peke yake, linaweza kuwa limejaa na rejeta ina pengo. Baada ya kubadilisha kulanti, hewa hubaki ndani mara nyingi sana, na sensa ikikaa kwenye kiputo cha hewa badala ya maji husoma chini au kuruka ruka. Muulize fundi pia alitia lita ngapi. Kilichotoka na kilichoingia vinapaswa kukaribiana. Kama ilitoka lita moja na nusu na ikaingia lita moja, nusu lita hiyo ni hewa.

Maji yakiwa yamejaa, fanya jaribio la mkono. Washa injini ikiwa baridi, shika mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoka kwenye kikombe cha themostati. Weka mkono mwingine mbali na feni. Themostati ikiwa nzima, mpira huo unabaki baridi, au vuguvugu kidogo tu, kwa dakika kadhaa huku hedi ikiwa tayari haigusiki. Halafu ghafla, ndani ya sekunde chache, joto linaupiga na huwezi kuendelea kuushika. Hapo ndipo imefunguka. Ukiona mpira unapata joto pole pole pamoja na injini tangu dakika ya kwanza, maji yanapita bila kizuizi: themostati imekwama wazi, au haipo, au maji yanaipita pembeni.

Tupatie pia namba hizi: inasoma ngapi ukiwa kasi ya 100, ngapi ukipanda mlima polepole kwa gia ya pili, na ngapi ukiiacha inanguruma papo hapo dakika kumi na tano. Na je, feni inawaka? Majibu hayo manne yatatuambia mengi.

---

MitaMkononi (Eldoret)

Naongezea upande wa umeme, kwa sababu mafundi wengi huuruka.

Sensa ya joto kwenye pikipiki nyingi za Kijapani ni ile ambayo ukinzani wake wa umeme (unaopimwa kwa omu) unashuka joto likipanda. Namba utakazokuta kwenye mita ni karibu na hizi: nyuzi 20 ni omu 2,450, nyuzi 40 ni omu 1,150, nyuzi 60 ni omu 590, nyuzi 80 ni omu 320, nyuzi 100 ni omu 190. Modeli zinatofautiana kidogo lakini mwelekeo ni huo.

Sasa tazama kinachotokea soketi ikiingia maji wakati wa kuosha injini, au pini ikipata kutu ya kijani. Tuseme kutu hiyo imeongeza omu 300 kwenye njia. Injini iko 80, sensa inatoa 320, lakini kompyuta ya injini inaona 620. Kwake hiyo ni kama nyuzi 58. Unaona inavyofanana na namba zako?

Na ubaya wake hauishii kwenye kioo. Sensa hiyo hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta imimine petroli kiasi gani na iwashe feni lini. Ikiwa na omu 300 za ziada, hata injini ikifika nyuzi 105 kompyuta itaona kama 67 au 68. Feni haitawaka kamwe. Maji yatachemka, yatasukumwa nje kupitia kifuniko, na kioo kitaendelea kuonyesha namba ya kupendeza.

Kwa hiyo usiku kucha iache ipoe, asubuhi chomoa soketi ya sensa, pima sensa yenyewe kwenye pini zake mbili. Nakuru asubuhi ikiwa nyuzi 12 au 15 tarajia omu 2,900 hadi 3,500 hivi. Kisha washa injini, ipate joto, zima, chomoa tena upime. Itazame soketi kwa tochi, upande wa waya na upande wa sensa. Pini ziwe zinang'aa, na ukivuta waya mmoja mmoja kwa upole usitoke.

Kama pikipiki ni ya zamani yenye sensa ya waya mmoja tu, kuna kosa lingine linalotokea baada ya sevisi: mtu anazungushia nyuzi za sensa (zile za kuikazia, kama za skrubu) utepe mweupe wa mabomba ili isivuje. Sensa hiyo inapata asi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha injini) kupitia nyuzi hizo. Utepe ukiikinga, geji inalala chini. MT-07 haina tatizo hilo, ila naandika kwa faida ya wengine watakaosoma.

Ukiwa na kile kipimajoto cha miale, kinachopima bila kugusa, usikielekeze kwenye alumini inayong'aa, kitakudanganya vibaya sana, kinaweza kusoma nyuzi 20 au 30 chini ya ukweli. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye kikombe cha themostati, subiri ushike joto, ndipo upime hapo juu ya utepe ukiwa karibu, sentimita tano hivi.

---

RiftRider_58 (Nakuru)

Mimi naona mnaikuza. Themostati ni ya nchi za theluji. Huku kwetu toa kabisa, injini ipumue. Magari mangapi yanatembea bila hiyo kitu?

---

SpanaKondele (Kisumu)

Ndugu RiftRider, naelewa ushauri huo ulikotoka, maana ulianza na magari ya zamani yaliyokuwa yakichemka kwa sababu rejeta zimeziba, na kutoa themostati kukawa njia ya kuficha rejeta mbovu. Lakini kwa injini ya injekta ushauri huo una gharama kubwa.

Kompyuta ikiona nyuzi 60 inadhani bado injini inaamka, na inaongeza petroli kama vile choki imevutwa. Petroli hiyo haiungui yote. Sehemu inatoka kwenye bomba la moshi, ndiyo harufu anayoisikia. Sehemu inaacha masizi meusi makavu kwenye plagi. Sehemu inaosha kuta za silinda, inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Halafu kila injini inapounguza petroli inatengeneza mvuke wa maji, na kiasi kidogo kinapita pembeni ya ringi kwenda chini. Oili moto huukausha mvuke huo. Oili isiyopata joto inauweka, ndipo unakuta ute wa rangi ya maziwa ndani ya kifuniko cha oili au kwenye kioo cha kuangalia oili. Ringi na silinda huisha haraka zaidi injini ikiwa baridi kuliko ikiwa kwenye joto lake. Mtu akiendesha safari fupi za kilomita tatu tatu kila siku kwa hali hiyo, oili inaharibika mapema sana.

Na Kisumu kwenyewe, pamoja na jua lote la hapa, themostati haileti kuchemka. Ikishafunguka yote haizuii chochote cha maana. Injini ikichemka na themostati nzima, tafuta rejeta, kifuniko, feni au pampu ya maji.

---

NjiaYaMau (Nakuru)

Asanteni sana. Nimefanya mliyoelekeza, haya ndiyo majibu.

Maji yalikuwa chini ya shingo kidogo, niliongeza kama mililita 150, si zaidi.

Kwenye mpira wa juu: ulianza kupata joto mapema, pole pole. Sikuona ule mpigo wa ghafla.

Sensa asubuhi ilisoma omu 3,100, nje kulikuwa na nyuzi 14. Soketi ni safi, pini zinang'aa. Utepe mweusi nimeubandika: dashibodi ikisoma 71, kipimajoto kikasoma 69.

Kasi ya 100 kuelekea Salgaa, nyuzi 58. Nikipanda polepole gia ya pili nyuma ya lori, ilipanda hadi 76. Nikaiacha inanguruma nyumbani, baada ya dakika kumi na nane hivi ikapita 100 na feni ikawaka, ikashusha, ikazima. Nikirudi barabarani inaanguka tena hadi 60 ndani ya dakika mbili.

---

MitaMkononi (Eldoret)

Basi umeme umejitoa. Omu 3,100 kwa nyuzi 14 ni sawa kabisa, na tofauti ya nyuzi mbili kati ya utepe na dashibodi ni ya kawaida. Feni nayo inawaka inapotakiwa, maana yake kompyuta inaliona joto halisi.

---

SpanaKondele (Kisumu)

Namba zako zinaeleza kila kitu. Tazama jinsi joto linavyofuata upepo: kasi kubwa 58, polepole 76, ukisimama 100. Injini yenye themostati nzima haiyumbi hivyo, inashuka hadi pale inapoanzia kufunguka na kusimama hapo. Kasoro ya sensa nayo ina sura tofauti: namba inakuwa chini lakini imetulia, kasi au mlima haviibadilishi sana. Yako inafuata upepo, kwa hiyo maji yanapita kwenye rejeta wakati wote.

Usihangaike na kulanti, hata kama mchanganyiko si sahihi. Wala pampu. Themostati ikiwa nzima, hakuna kulanti inayoweza kupoza injini chini ya joto la kufunguka kwake, kwa sababu maji hayafiki kwenye rejeta. Feni pia haiwezi, hata ikiungwa moja kwa moja na swichi. Kasoro iko ndani ya kile kikombe kilichofunguliwa, na kuna mambo manne tu ya kukuta humo: hakuna themostati, imekwama wazi kwa takataka, imewekwa bila ule mpira wake wa ukingoni hivyo maji yanapita kando, au imewekwa nyingine yenye joto la chini. (Ikiwekwa kinyume, kapsuli ya nta, ile inayoifungua ikipata joto, ikaangalia rejeta badala ya injini, kwa kawaida injini huchemka, si kupoa. Hiyo siyo kesi yako.)

Fungua injini ikiwa baridi. Weka beseni safi chini ukinge kulanti, ni mpya, unaweza kuirudisha. Ukitoa kifuniko cha kikombe usivute themostati mara moja. Iangalie kwanza ilivyokaa, piga picha. Kile kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza kiko upande gani? Kinatakiwa kuwa juu, ili hewa ipate pa kutokea wakati wa kujaza. Kikiwa chini, hewa inabanwa nyuma ya themostati na utatoa hewa siku nzima bila mafanikio.

Ukishaitoa, inyanyue uielekeze kwenye mwanga. Ikiwa baridi, valvu lazima iwe imebana pande zote. Ukiona mstari wa mwanga, hata mwembamba kama ukucha, umeshapata jibu. Angalia kinachoizuia isifunge. Mara nyingi baada ya sevisi ni kipande cha silikoni. Fundi anapaka silikoni nyingi kwenye kikombe badala ya kununua oringi (pete ya mpira), na silikoni inayominyika kwenda ndani inakatika, inasafiri na maji, inakwama kwenye kiti cha valvu.

Ikionekana nzima, ipime kwenye maji moto. Tumia sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni. Kulanti ina sumu na ladha yake ni tamu, watoto na mbwa huifuata, kwa hiyo hata ile ya kwenye beseni usiiache wazi. Chukua uzi, ubane kwenye mdomo wa valvu: ifungue kidogo kwa kijiti cha mbao, pitisha uzi, iache ibane. Ininginize ndani ya maji isiguse chini wala ukingo, maana chuma cha sufuria kina joto kuliko maji. Weka kipimajoto karibu nayo, pasha moto mdogo, koroga. Ikianza kufunguka inauachia uzi na kuanguka. Soma namba hapo hapo. Linganisha na iliyochongwa kwenye ukingo wake. Kwenye pikipiki utakutana na 71, 76 au 82. Tofauti ya nyuzi mbili tatu isikusumbue.

Halafu endelea kupasha uone inanyanyuka kiasi gani. Pikipiki nyingi zinataka milimita 6 hadi 8 ikifunguka yote, na vitabu vingi vinasema hilo litokee kwenye nyuzi 95. Hapa wa Nakuru wajihadhari: mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na maji matupu huchemka hapo kwenye nyuzi 94 hivi. Hayafiki 95 hata ukiyachochea moto saa nzima! Hapa Kisumu yanafika 96. Kwa hiyo usiitupe themostati nzima kwa kuwa "haijafunguka yote". Changanya kulanti na maji nusu kwa nusu kwenye hiyo sufuria, mchanganyiko huo kwa Nakuru utavuka 100 kabla ya kuchemka. Mwisho itoe, iache ipoe, hakikisha inafunga tena pande zote. Kuna zinazofunguka vizuri na kukataa kufunga.

Ukirudisha, tumia oringi au mpira mpya, safisha mfereji wake kwa kitambaa, usipake silikoni. Bolti za kikombe kwa kawaida ni za milimita 6, zinataka nyutoni mita 10 tu. Nyuzi za bolti hizo zimechongwa kwenye alumini, ukikaza kwa nguvu za spana ndefu zitang'oka.

---

BodaMumias (Kakamega)

Samahani kuingilia. Na sisi wa pikipiki zinazopozwa kwa hewa, hizi Boxer, hakuna themostati wala maji. Yangu baada ya sevisi inaonekana baridi, haina nguvu asubuhi, na plagi ni nyeusi. Hiyo ni kitu kimoja?

---

MitaMkononi (Eldoret)

BodaMumias, karibu. Dalili zinafanana lakini chanzo ni kingine. Injini ya hewa haina kitu cha kuipoza kupita kiasi. Ikiwa na masizi maana yake petroli imezidi hewa, au plagi si yake.

Anza na choki. Baada ya kabureta kufunguliwa, huenda waya au wenzo wake haurudi hadi mwisho, ikabaki nusu imefungwa. Usiangalie mkono wa choki, angalia sahani au plunja yenyewe kwenye kabureta. Kisha filta ya hewa: ikiwa ni sponji na imelowekwa oili ikaachwa inadondoka, hewa haipiti. Ikamue kwa kuiminya katikati ya viganja, usiisokote kama nguo, hadi iwe na unyevu tu.

Plagi nayo ina namba ya joto. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume chake. Muuza spea akikupa NGK ya namba ya juu kuliko ya kitabu, ncha yake haifiki joto la kujisafisha, ambalo ni nyuzi 450 hivi, na masizi yanarundikana hata kama kabureta iko sawa. Soma namba iliyoandikwa kwenye kauri, linganisha na ya zamani.

Na kama jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) ilibadilishwa kuwa kubwa, irudishe ya mwanzo. Ukipanda kutoka Kakamega kuja huku Eldoret hewa inapungua, petroli inazidi zaidi, utaona moshi mweusi.

---

NjiaYaMau (Nakuru)

Nimerudi na majibu. Kikombe nimefungua jana. Themostati ipo, imeandikwa 82. Mpira wake wa ukingoni haukuwepo kabisa, na badala yake kulikuwa na silikoni nyeusi iliyozungushwa. Kipande cha silikoni hiyo, urefu kama punje ya mchele na unene kama njiti ya kiberiti, kilikuwa kimelala kwenye kiti cha valvu. Ukiinyanyua kwenye mwanga, upande mmoja una mpenyo wa kama milimita moja.

Nilikitoa kwa kijiti cha meno, nikaipima kwenye sufuria kwa uzi. Ilianguka kwenye 81, na ikifika 99 kwenye mchanganyiko ilikuwa imenyanyuka milimita 8. Ilipopoa ikafunga kote. Nimeirudisha na mpira mpya, kipini kikiwa juu, na nimekwangua silikoni yote kwenye kikombe.

Leo asubuhi "Lo" imeondoka kabla sijamaliza kilomita mbili. Mpira wa juu ulibaki baridi kisha ukapigwa joto ghafla kama mlivyosema. Kasi ya 100, nyuzi 81 hadi 83. Kupanda polepole, 88.

Nina maswali mawili. Vipande vingine vya silikoni vinaweza kuwa ndani? Na oili yenye wiki mbili niibadilishe?

---

SpanaKondele (Kisumu)

Kazi safi sana hiyo.

Kuhusu silikoni: ndiyo, vinaweza kuwemo, na mahali vinapokimbilia ni tundu nyembamba za rejeta. Mwaga kulanti yote kupitia skrubu ya chini ya pampu, uichuje kwa kitambaa cheupe uone unachopata. Ukikuta vipande, toa mipira yote miwili ya rejeta na upitishe maji kwa mpira wa bustani yakiingia chini na kutokea juu, kinyume cha njia yake ya kawaida, kwa nguvu ndogo. Suuza mara ya mwisho na maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu maji ya visima mara nyingi yana madini yanayoganda ndani. Dukani hayo huuzwa kama maji ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri isije ikawa ni asidi.

Kulanti iwe ya injini za alumini isiyo na silikati, nusu kwa nusu na maji hayo. Jaza polepole ukiminya mpira wa juu, viputo vitoke. Washa bila kifuniko, iache dakika tatu nne, vuta mafuta kidogo mara tatu, iegemeze kushoto na kulia, ongeza maji yanaposhuka. Funga kifuniko kabla hayajaanza kumwagika. Kesho asubuhi ikiwa baridi fungua tena uangalie shingo, kwa kawaida inataka mililita 50 au 100 nyingine. Tazama pia mpira wa ndani wa kifuniko: ukiwa umekakamaa au una mkato, badilisha, vinginevyo maji yatapotea kidogo kidogo na hewa itarudi.

Oili, nusa kijiti au tundu la kujazia. Ikinuka petroli, au kiwango kimepanda juu ya alama ya mwisho bila wewe kuongeza, imwage sasa. Kwa wiki mbili za nyuzi 58 mimi ningeimwaga bila kusubiri. Filta ya wiki mbili unaweza kuiacha. Plagi zitoe uzitazame: masizi makavu yanapigwa brashi laini na yanaisha, kisha zitajisafisha zenyewe injini ikiwa kwenye joto lake. Zikiwa zimelowa na zinawasha kwa kusuasua, weka nyingine.

Petroli upime baada ya kujaza tangi mara mbili, si mara moja.

---

NjiaYaMau (Nakuru)

Nimenusa, inanuka petroli, na kiwango kimepita alama ya juu kwa milimita mbili hivi. Naimwaga leo jioni, na kulanti nitaichuja kesho.